Nilicheka Jumamosi, kisha nikaona nimemsaliti kaka yangu

Kitindamimba aliandika:

Wanajamvi, habari za usiku. Mnivumilie, andiko ni refu kidogo.

Kaka yangu alifariki miezi minne iliyopita. Hakuwa mwanasiasa, ila siasa alizifuatilia kama watu wanavyofuatilia mpira. Kila asubuhi, kabla sijatoka kitandani, nilikuta amenitumia sauti ya dakika tatu au nne. Anachambua ya jana, anakasirika, anataja majina, halafu mwishoni anatulia na kusema, "Haya, kaoge, utachelewa."

Sasa mambo ya nchi yamechafuka kuliko wakati wowote alipokuwa hai, na sina wa kunieleza. Naamka saa kumi usiku nashika simu. Nasoma taarifa, nasoma maoni chini ya taarifa, natazama video za watu wanaopigwa na mama zao wanaolia. Nikiiweka simu chini kifua kimebana, na sijui namlilia kaka au naililia nchi.

Jumamosi mwanangu wa miaka mitano aliingia sebuleni amevaa viatu vya mjomba wake. Vilikuwa ndani ya begi la vitu vya marehemu ambalo mimi nilishindwa hata kulifungua zipu. Anaviburuza, mikono kaiweka nyuma kama alivyozoea marehemu, akanitazama na kusema kwa sauti nzito, "Haya, kaoge, utachelewa."

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Haikupita hata dakika nikaona aibu imenijaa. Nikamvua mtoto vile viatu kwa ukali, naye akaangua kilio.

Hilo ndilo linalonitafuna tangu siku ile. Nyinyi mliopitia haya, furaha ndogo mnaipokeaje bila kuona mmewasahau waliokufa na wanaoumia? Tafadhali msiniambie muda utaponya. Nimeshaambiwa sana.

Mzee_wa_Kimya:

Pole sana, mwanangu. Mrudishie mtoto viatu. Leo, usingoje kesho.

Muuguzi_wa_Zamu:

Pole, mdogo wangu. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, na mume wangu nilimzika mwenyewe, kwa hiyo nasema kwa pande zote mbili.

Kando ya kitanda cha mgonjwa anayeondoka watu hucheka. Mmoja anakumbusha jambo, wote wanaangua kicheko, kisha kilio kinarudi palepale. Zamani nilidhani ni kukosa adabu. Baadaye nilisoma kazi ya watafiti wawili, Margaret Stroebe na Henk Schut, ya mwaka 1999. Wanasema mfiwa haendi safari ya moja kwa moja kutoka kilioni hadi kwenye nafuu. Anakwenda na kurudi: saa hii yuko ndani ya msiba, saa ijayo anahangaika na maisha yanayoendelea, anapumzika kidogo, anarudi tena kulia. Huko kwenda na kurudi ndiko kunakomsaidia abebe. Anayekaa upande mmoja tu, uwe wa kilio au wa kukwepa, ndiye anayekwama.

Kuna jingine ambalo nalipenda zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko San Francisco, Susan Folkman na wenzake waliwafuatilia watu waliokuwa wakiwauguza wenzi wao wenye UKIMWI, wakati dawa za kuokoa maisha zilikuwa bado hazijapatikana. Waliwauliza habari za dhiki tu. Wauguzaji wenyewe ndio waliosema: mbona hamtuulizi kuhusu mazuri? Walipoulizwa, karibu kila mmoja alikuwa na la kusimulia, na yalikuwa mambo madogo ya siku ya kawaida. Watu wale walikuwa wanamtazama mpenzi wao akifa, lakini mazuri hayo waliyaona. Hawakuwa wamemsahau, walikuwa wamekaa naye chumba kimoja!

Mimi, wiki ya tatu baada ya kuzika, nilitengeneza bomba lililokuwa likivuja. Kazi hiyo ilikuwa ya mume wangu. Nilipolifunga na tone la mwisho likakatika, nilifurahi kama mtoto, nikageuka nimwambie. Nililia hapohapo na spana mkononi. Furaha na kilio vilikuja kwa mlango mmoja, na sijui ningevitenganisha vipi.

Sauti_ya_Wengi:

Natofautiana kidogo. Msiba wa nyumbani nauelewa, pole sana dada. Lakini kwenye haya ya nchi huu si wakati wa kutafuta furaha. Kuna watu hawajui watoto wao wako wapi. Tukianza kujifundisha kutabasamu, wanaotuumiza watashukuru.

Simu_Chini:

@Sauti_ya_Wengi nakuelewa, maana nilikuwa hivyo hivyo. Nilikesha nikitazama kila video, nikiamini kwamba kufumba macho ni usaliti. Baada ya miezi miwili nilikuwa sifai: sikwenda mkutano hata mmoja, sikumjulia hali jirani hata mmoja. Nilikuwa nimechoka kwa kutazama.

Baada ya mabomu ya mbio za marathoni za Boston mwaka 2013, watafiti waligundua kwamba waliofuatilia habari za tukio lile saa sita au zaidi kwa siku katika wiki iliyofuata walikuwa na dalili kali zaidi za msongo kuliko hata watu waliokuwepo pale mabomu yalipolipuka. Jambo hilo lilinishtua. Uchungu wangu wa saa kumi usiku haukuwa ukimpunguzia mtu yeyote wake.

Dada Kitindamimba, nifanyavyo mimi: habari nasoma mara mbili kwa siku, nimesimama, kwa maandishi. Video sifungui. Simu inalala chumba kingine, na hili lilikuwa gumu kuliko yote. Nimechukua kazi moja tu, naisaidia familia moja ambayo baba yao amewekwa ndani: kila wiki nakaa na watoto wao mchana mmoja mama yao akifuatilia kesi. Watoto wale hucheka sana, dada. Sijaona mama yao akiwakataza. Anasimama mlangoni anawasikiliza kabla hajaingia.

Sauti_ya_Wengi:

@Simu_Chini hapo mwisho umenigusa. Sijabadili mawazo yote, ila hapo umenigusa.

Kitindamimba:

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Dada Muuguzi, habari ya bomba nimeisoma nikiwa nalia na kutabasamu.

Mzee wangu, viatu nimemrudishia. Nilimwomba msamaha. Akaniuliza kama mjomba atavihitaji, nikamwambia hapana, akavaa, akaenda kuzunguka nyumba.

Jana usiku simu niliiacha jikoni. Saa kumi niliamka vilevile, nikalala macho wazi, ila angalau sikutazama mtu akipigwa. Asubuhi nikafungua sauti moja ya kaka, ya mwaka jana, ya kwanza tangu tumzike. Siku zote nilikuwa naruka sekunde za mwanzo nifikie habari. Safari hii sikuruka. Kumbe kabla hajaanza kukasirika huwa anapiga mluzi. Sekunde tano, sita, anatafuta kitu mezani huku anapiga mluzi, halafu ndipo anakohoa na kuanza na serikali. Nikafungua nyingine, mluzi upo. Nyingine tena, upo.

Mwanangu alikuwa amekaa pembeni yangu na vile viatu. Sasa anajifunza mluzi. Bado hajaweza, inatoka pumzi tu.