Kaka aliachiwa huru kwenye jinai, sasa kaletewa samansi ya madai. Huyu mzee anatafuta nini?

Mama Nasra, Ujiji

Habari za jioni wakuu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Kaka yangu ni mnunuzi wa mawese. Anazunguka Simbo, Mwandiga, mpaka Kalinzi kule juu, anakusanya kwa wakulima, anajaza kwenye madumu ya lita ishirini, mzigo unapanda treni kwenda Tabora. Kule kuna mzee mmoja mfanyabiashara ambaye ndiye alikuwa anamtumia hela ya kununulia. Wamefanya hivyo kwa amani kabisa mpaka msimu mmoja mzigo ukapungua. Kaka anasema bei ilipanda ghafla mkononi mwake na madumu mengine yalivuja njiani. Mzee anasema kaka kala hela. Badala ya kukaa wakapiga hesabu kama watu wazima, mzee akaenda polisi. Kaka akafunguliwa kesi ya kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu.

Sitaki kueleza yote tuliyopitia. Itoshe kusema mama yetu ana presha na kila kesi ikitajwa alikuwa anakaa kwenye benchi pale nje na kanga yake kichwani, halali wala hali. Mwisho hakimu akasema upande wa mashtaka haukuthibitisha kwamba kaka alikuwa na nia ya kudanganya tangu mwanzo, kwamba kati yao palikuwa na biashara ya kweli. Kaka akaachiwa huru. Tulichinja mbuzi.

Mifupa haijakauka, samansi hii hapa. Mzee kafungua kesi ya madai Mahakama ya Wilaya, anataka shilingi milioni 38, riba na gharama za kesi juu. Hela ileile, mawese yaleyale!

Nauliza hivi: inaruhusiwa mtu kushtakiwa mara mbili kwa jambo lilelile? Na je, hii si inaonyesha wazi kwamba kilichokuwa kinatafutwa siku zote ni hela, polisi na mahabusu zilikuwa za kumtisha tu? Kaka mwenyewe kaitupa ile samansi juu ya kabati. Anasema, "Mimi nilishashinda, sina kesi na mtu."

Mkata Tumbaku, Urambo

Hela tu hiyo dada, hakuna kingine. Wazee wa aina hiyo tunao hata huku. Na nyie mfungulieni kesi ya kumchafulia kaka yako jina, mdai fidia mpaka auze nyumba.

Karani Mstaafu, Tabora

Mama Nasra, pole sana, na mpe mama pole. Lakini kabla hujaendelea kusoma inuka ukaishushe hiyo samansi juu ya kabati. Angalia kaka aliipokea tarehe ngapi. Ana siku 21 tangu kuipokea za kupeleka mahakamani maelezo ya utetezi kwa maandishi. Zikipita yupo kimya, mzee ataomba asikilizwe upande mmoja, na atasikilizwa. Nimekaa masjala mpaka nywele zikawa nyeupe, na mafaili yaliyonisikitisha zaidi ni ya watu waliotoka mahakamani wakishangilia, halafu wakapoteza shamba au nyumba kwenye kesi ambayo hawakwenda hata siku moja. Dalali wa mahakama akija na amri yake haulizi mwaka juzi ulishinda kesi gani.

Sasa swali lako. Ndiyo, inaruhusiwa. Kesi ya kwanza ilikuwa Jamhuri dhidi ya kaka yako. Mzee kwenye kesi ile alikuwa shahidi, hakuwa na kesi yake pale. Ndiyo maana hata hukumu ilipomuuma hakuweza kukata rufaa mwenyewe. Kwa kesi iliyoamuliwa Mahakama ya Wilaya, anayeweza kupinga mtu kuachiwa ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Ingekuwa imeamuliwa Mahakama ya Mwanzo, hapo mlalamikaji angeweza kwenda Wilaya ndani ya siku 30. Halafu kuna fidia. Hakimu wa jinai huweza kumwamuru mshtakiwa amlipe mlalamikaji, ila ni baada ya kumtia hatiani kwanza. Kaka yako hakutiwa hatiani. Kama mzee anaamini kuna hela yake imebaki Kigoma, angekwenda wapi kwingine?

Uzito wa ushahidi nao haufanani. Kwenye jinai Jamhuri inatakiwa ithibitishe pasipo kuacha shaka. Kwenye madai, Mahakama Kuu ilishasema mwaka 1984, na mahakimu wanairudia mpaka leo, kwamba mwenye ushahidi mzito kuliko mwenzake ndiye anayeshinda. Kwa hiyo hela hiyohiyo inaweza kushindikana kule ikathibitika huku, na hakimu yeyote asiwe amekosea.

Msidhani hukumu ya kwanza ni karatasi ya kufungia karanga. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaichukua hukumu ya jinai iliyokwisha muda wake wa rufaa kuwa ni uthibitisho kamili kwamba huyu hana hatia ya kosa lile. Ila ni kosa lile tu. Ndiyo maana nataka usome hati ya madai neno kwa neno. Mzee akiwa ameandika "alinidanganya akaniibia", wakili wenu ana pa kushika. Akiwa ameandika "nilimpa kiasi hiki, mzigo ulifika kiasi hiki, kimebaki hiki", hilo hukumu haikuligusa.

Kuhusu nia ya mzee. Mahakama ya madai haipimi roho ya mtu. Mdai anaweza kuwa na chuki ya kutosha kujaza ziwa na bado akawa anadai haki yake. Nia inaingia akiwa kizimbani anahojiwa, ili hakimu aone kama anapindisha maneno. Na inaingia kwa uzito zaidi iwapo kaka yako ndiye atakayemshtaki yeye kwamba alimfungulia mashtaka kwa hila. Na hapo ndugu yangu wa Urambo, usimpeleke dada wa watu shimoni. Kesi ya hila inataka uthibitishe yote kwa pamoja: kwamba ulishtakiwa, kwamba kesi iliisha kwa upande wako, kwamba huyo mtu hakuwa na sababu ya msingi ya kukupeleka huko, kwamba alisukumwa na hila, na kwamba ulipata madhara. Ukikosa moja umeanguka. Kuachiwa huru kunakupa mawili, labda na la madhara. Yale mawili ya katikati ndiyo yanayowaangusha wengi, kwa sababu mtu aliyetoa hela akakosa mzigo na kwenda polisi kueleza, ni vigumu kusema hakuwa na sababu yoyote. Muda wa kesi ya namna hiyo ni miaka 3. Wa madai ya mkataba ni miaka 6, kwa hiyo usitegemee kwamba mzee kachelewa.

(Enzi zangu rufaa zote za Kigoma kwenda Mahakama Kuu zilikuwa zinakuja kwetu Tabora. Watu wanashuka kwenye treni na hukumu zimo ndani ya mifuko ya rambo. Siku hizi mna Mahakama Kuu yenu, mshukuru Mungu.)

Mkata Tumbaku, Urambo

Sawa mzee wangu, nimekuelewa. Ila kwa nini asifungue madai toka mwanzo kama alikuwa na haki? Kasubiri kijana ashinde ndipo akumbuke hela?

Dada wa Kibirizi

Hilo nalijibu mimi, kwa sababu nilikuwa upande wa huyo mzee.

Nafanya biashara ya dagaa na migebuka. Nilimpa mtu hela aninunulie injini ya boti, tukaandikishana, mashahidi wakasaini. Injini sikuiona. Nilikwenda polisi, kesi ikaenda, jamaa akaachiwa. Unajua kwa nini sikufungua madai mapema? Ile karatasi yetu ya makubaliano, yenyewe halisi yenye sahihi, ilipokelewa mahakamani kuwa kielelezo. Nilikuwa na nakala kivuli tu, tena imefifia. Niliambiwa nisubiri kesi iishe ndipo niombe kurudishiwa. Na kusema ukweli hela ya kuendesha kesi mbili kwa wakati mmoja sikuwa nayo. Polisi hulipii ada. Madai unalipia kufungua na unalipa wakili kutoka mfukoni kwako.

Jamaa alipoachiwa, pale mwaloni wakasema, "Mnaona? Alimsingizia." Nikafungua madai, walewale wakasema, "Mnaona? Alikuwa anataka hela." Ningekaa kimya wangesema sina ushahidi. Sasa ningefanya lipi niwe mkweli?

Ndiyo, nilitaka hela. Ilikuwa yangu.

Mama Nasra sisemi kaka yako kala hela ya mtu, simjui. Nasema tu kwamba mzee kurudi mahakamani hakukuonyeshi kitu upande wowote.

Mwanachuo wa Kasulu

Dada wa Kibirizi kanikumbusha ubishi wa Wamarekani. O. J. Simpson, mchezaji maarufu wa mpira wa Kimarekani, aliachiwa kesi ya mauaji ya mtalaka wake na kijana rafiki wa huyo mama tarehe 3 Oktoba 1995. Familia za marehemu wakamfungulia madai, na mwaka 1997 baraza la wazee wa mahakama kule Santa Monica likamwona anawajibika. Jumla akaamriwa kulipa dola milioni 33.5. Kwenye jinai hakupanda kizimbani kutoa ushahidi. Kwenye madai alihojiwa, hakuwa na pa kukwepea. Baba aliyefiwa na mwanawe utamwambia alikuwa anawinda hela?

Michael Jackson, yule mwanamuziki, yeye aliachiwa mashtaka yote kwenye kesi ya kumdhalilisha mtoto kingono tarehe 13 Juni 2005. Familia ya mtoto aliyelalamika haikufungua madai baada ya hapo, na mashabiki wakasema, wangekuwa wakweli si wangedai? Lakini mwaka 1994, alipolipa kumaliza madai ya familia nyingine, mashabiki haohao walisema hao walitaka hela. Mbele hakuna njia, nyuma hakuna njia. Baada ya kufariki kwake wakaja wanaume wawili, mmoja akafungua kesi 2013 na mwingine 2014. Huyo wa kwanza alikuwa shahidi wa kumtetea mwaka 2005. Mawakili wa upande wa pili wanamkazia hapohapo, kwamba maneno yake ya leo na ya jana hayafanani. Yeye anasema alichelewa kuelewa alichofanyiwa. Sijui nani mkweli, ila naona hapo ndipo kesi ilipo. Kutaka fidia ni lugha ya mahakama ya madai, huwezi kufungua pale ukaomba mtu afungwe.

Mkata Tumbaku, Urambo

Kijana umetoka na mawese ukatufikisha Hollywood 😂

Mama Nasra, Ujiji

Nimewasoma wote. Dada wa Kibirizi umenichoma lakini nimekubali kuchomwa.

Samansi nimeishusha. Kaka aliipokea Jumanne ya wiki iliyopita, kwa hiyo tupo ndani ya muda. Nimesoma hati ya madai mara mbili, na mara ya pili nikakaa chini. Neno udanganyifu halimo kabisa. Mzee kaandika hela aliyotuma tarehe kwa tarehe, halafu kaandika "mzigo uliopokelewa: hakuna". Hakuna! Wakati kaka ana daftari lake la kila dumu lililopanda treni, na kwenye simu upo ujumbe wa mzee mwenyewe, "nimepokea 140, mengine lini". Kumbe tunachobishania ni hesabu, na tungeweza kuipiga barazani kwa chai.

Kaka naye sasa kageuka. Jana alikuwa hana kesi na mtu, leo anataka kupanda treni ya kwanza akamwonyeshe mzee huo ujumbe usoni. Mama anasema aende yeye, kwa kuwa ni mtu mzima na wataheshimiana. Nimeweka picha ya ukurasa mmoja wa daftari hapa chini muone. Tufanyeje?

Karani Mstaafu, Tabora

Mama asisafiri na presha yake, na kaka asije Tabora peke yake. Mahakama kabla ya kusikiliza itawapeleka kwenye usuluhishi, mtakaa na mzee mbele ya msuluhishi na hayo ya barazani mtayasema pale. Mkikubaliana, makubaliano yanasajiliwa na kuwa na nguvu ya hukumu. Lakini utetezi wa maandishi uingie kwanza. Mkikosa hela ya wakili, tafuteni wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017. Na wakili aambiwe kuhusu madai kinzani, kama kaka naye anamdai mzee chochote, hata usafiri.

Ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi. Kaka asibadilishe simu, asiuze, asifute kitu, na hiyo simu asipewe mtoto kuchezea gemu.

Hiyo picha ya daftari ifute sasa hivi. Nimeikuza nikasoma pembeni kwa kalamu nyekundu, "yaliyovuja", na idadi yake. Kama mimi nimeisoma nikiwa Tabora, wakili wa mzee naye yupo Tabora.