Mtu akichanganyikiwa: kikao cha ukoo au chumba cha mshauri?

Wakuu habari za jioni. Naleta huu mjadala sababu juzi hapa Uyole tumebishana hadi usiku wa manane, wengine wanasema kijana akichanganyikiwa apelekwe kwa mshauri nasaha na ukoo ukae pembeni, wengine wanasema ya nyumbani yaishie nyumbani. Mi nasema kikao kibaki, ila aliyeitiwa kikao aongee, na mshauri aje akae humo humo.

Nina sababu. Mwaka juzi mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alianza kukosa usingizi, anaongea peke yake, chakula anasema kina sumu. Kikao kikaitwa Tukuyu, mvua inapiga bati, baba wakubwa kwenye makochi, mashangazi kwenye mkeka, shemeji wa Dar simu yake imeegemezwa kwenye chupa ya chai, na dogo mwenyewe kwenye kigoda mlangoni. Masaa matatu! Likaongelewa shamba la chai la marehemu babu, nani hakuja msibani, mama yake akatupiwa lawama mpaka akalia, na hakuna hata mmoja aliyemgeukia dogo akamuuliza mwanetu unajisikiaje. Kesho yake yote yako kwenye grupu la ukoo la WhatsApp. Tulipompeleka hospitali ndo yaleyale kwa upande wa pili, mama akaambiwa asubiri nje, dogo akatoka na karatasi ya dawa na anayempikia hajui ni za nini.

Wanaosema ukoo ni ushamba waangalie Finland, kule Tornio kaskazini. Tangu miaka ya 1980 walianza utaratibu wa wahudumu wa afya ya akili kukutana na mgonjwa pamoja na familia yake, ikiwezekana ndani ya saa 24, na habari za dawa wanazijadili mbele yake, sio kwenye korido. New Zealand nako Wamaori, wenyeji wa asili wa kule, walilia sana watoto wao kuchukuliwa na serikali na kulelewa nje ya ukoo, ikaja sheria ya 1989 ya kuita kikao cha ukoo kuhusu mtoto, wataalamu wanaeleza wanachojua halafu wanatoka nje, ukoo unajadili wenyewe. Na hapa kwetu Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upite kwanza baraza la usuluhishi ndo mtu akadai talaka mahakamani, kwa hiyo kukaa kikao sio kitu kigeni hata kwa serikali.

Kuna dada alinibana siku ile, akasema je anayemuumiza binti akiwa ni mjomba wake mwenyewe aliyekaa kwenye kochi? Hapo yuko sahihi na sibishani naye, hiyo hapana kikao, ni dawati la jinsia polisi siku hiyohiyo, maana nimeona binti anaambiwa asamehe halafu ng'ombe inapelekwa kwa baba yake.

Wa Njombe, Makete, Iringa, kwenye vikao vyenu mgonjwa huwa anakaa wapi, na anaongea wa ngapi?