Mwisho badilisheni mkitaka, lakini stori ya Kisumu msiihamishie Nairobi

Haya watu wangu, mjadala uko wazi. Mtu akichukua riwaya ya mauaji na upelelezi, ile ya kukufanya ukeshe mpaka saa nane usiku, akaifanya muvi, ako na ruhusa ya kubadilisha nini? Tuseme kitabu ni cha hapa kwetu Kisumu, maiti imepatikana Dunga, mshukiwa anaishi Nyalenda, halafu prodyuza anakuja na skripti yote imeandikwa Nairobi. Kuna wale mnasema kitabu kisiguswe hata nukta, na kuna wale mnasema muvi ni biashara muacheni mtu atafute pesa. Mimi siko kwenu nyote wawili, tukaneni tu.

Mwisho kwanza, juu hapo ndipo watu huwaka. Wakibadilisha mwisho mimi sina kelele. Kwani Agatha Christie mwenyewe si alifanya? And Then There Were None, kitabu cha 1939, watu kumi wamekwama kisiwani wanaisha mmoja mmoja hadi habaki mtu. Alipoigeuza kuwa mchezo wa jukwaani mwaka wa 1943 akawaponya wawili, na muvi ya 1945 ikafuata jukwaa, si kitabu. Ule mwisho mchungu BBC waliurudisha 2015. Zote watu walitazama na hakuna aliyekufa (mbali na wale wa kisiwani).

Hata waigizaji wabadilisheni. Kwenye kitabu cha Psycho yule muuaji Norman ni jamaa mnene wa miaka kama arobaini, mwongozaji wa muvi, Hitchcock, akamchukua Anthony Perkins, kijana mwembamba mwenye aibu, ukimwona unataka kumnunulia soda, nani angemshuku? Huku kwetu hiyo ndiyo shida kubwa kuliko mnavyodhani, maana nyuso zinazojulikana kwa TV ni chache, sasa ukiona staa mzima amepewa sini mbili za kuuza chai steji ya matatu wewe ushajua muuaji ni huyo hata popcorn hujamaliza. Kitabuni muuza chai anapitishwa kwa sentensi moja na wewe unasonga. Kwa hivyo mpeni mtu asiyejulikana, vijana wanaozunguka mashuleni wakiigiza setibuku, vile vitabu vya mtihani, wako hapa hapa na wanajua kazi.

Sasa mahali. Najua mtanitupia The Girl on the Train, kitabu kiko London, muvi ya 2016 ikapelekwa New York. Sawa, lakini ile stori inataka nini? Inataka treni ya kila siku na nyumba zinazoonekana dirishani, na New York hivyo viko. Hapo umehamisha jina la mji tu.

Yetu je? Chukua mfano huu. Mshukiwa anaambia polisi kwamba usiku wa mauaji alikaa ufuoni peke yake hadi karibu alfajiri, akiangalia taa za wavuvi wa omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, zikimetameta ziwani kama mji. Askari aliyetumwa juzi kutoka mbali anaandika, anafunga daftari, anaenda. Lakini usiku huo mwezi ulikuwa mpevu, na omena huvuliwa gizani, mwezi ukiwaka omena hawaifuati taa na wavuvi wengi wanabaki nyumbani wakitengeneza nyavu. Mama yeyote anayeuza omena soko la Kibuye angemkamata kwa huo uongo kabla ya askari kutoa kalamu. Na hapa muvi inashinda kitabu kabisa, juu mwandishi akitaja mwezi msomaji mjanja anashtuka, lakini kwa kamera mwezi unaning'inia tu pale juu ya maji, kila mtu ameuona na hakuna aliyeufikiria.

Ukipeleka hiyo Nairobi unaweka nini? Jam ya Mombasa Road? Na wale wa Nakuru mnaosema ziwa ni ziwa, lenu ni la magadi, omena mtaitoa wapi. Naivasha vile vile hakuna omena.

Bajeti naisikia, sikatai. Kamera, taa na kruu nyingi ziko Nairobi, kuwaleta huku ni usafiri na kuwalaza na kuwalisha wiki nzima. Lakini wale wa The Constant Gardener walitoka ng'ambo wakapiga picha Kibera na wakapanda hadi Loiyangalani kule Ziwa Turkana, muvi ikatoka 2005, na Rachel Weisz akabeba Oscar. Mgeni amefika Ziwa Turkana na vyombo vyake, wewe wa Nairobi unaogopa kushuka Kisumu na hata treni ilirudi 2021?

Wale wa upande wa Nairobi nijibuni hili moja tu na msizunguke: mkishaondoa omena, huyo jamaa wa Nyalenda mtamkamata na uongo gani?