Mtamba aliyezaliwa pacha na dume hapati joto kabisa, shida ni chakula au kazaliwa hivyo?

mfugaji_mpya

Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wenye uzoefu na ng'ombe wa maziwa. Nina ng'ombe jike nilimchukua akiwa ndama ndo kwanza kaachishwa maziwa, sasa hivi ana miaka miwili na kitu, mwili anao, manyoya yanang'aa, yani ukimwona unasema huyu anazaa kesho. Tatizo hapati joto, yani haonyeshi dalili za kutaka dume. Wenzake aliokua nao washapandishwa na mmoja mimba imeshakuwa kubwa, yeye yupo yupo tu. Nimebadilisha chakula, nimempa jiwe la madini alambe, dawa ya minyoo kapata, wapi! Nikasema labda mimi ndo sijui kuziona dalili, nikamwingizia dume zizini, dume akamnusa mara moja akarudi zake kwenye majani. Mhimilishaji, yule wa kupandisha kwa mbegu za mrija bila dume, nae nikamuuliza alipokuja kuhudumia mwingine akasema nimpe muda, wengine wanachelewa. Sasa muda gani huo jamani, anakula kila siku na hana anachorudisha. Ile sindano ya kuleta joto inasaidia au ni hela ya bure?

ZiziLetu

Mkuu kabla ya sindano tuelewane kwanza, umesema "ng'ombe jike", huyo ni mtamba au ashawahi kuzaa? Maana mbuguma aliyezaa halafu joto likapotea ni kesi nyingine kabisa, huyo unauliza kama kondo lilitoka lote, kama mfuko wa uzazi una usaha, kama anakamuliwa sana huku kakonda. Mtamba ambaye hajaliona joto tangu azaliwe ni habari tofauti. Hawa wa maziwa wa kizungu wakilishwa vizuri joto la kwanza linakuja kati ya miezi 9 na 12, wa asili wanachelewa na machotara wanakuwa katikati hapo, lakini miaka miwili na kitu na mwili upo... mi ningeshtuka.

Halafu hili neno "jike" wauzaji wanalipenda sana kwa sababu halidanganyi na halisemi kitu. Kikongwe kilichokauka ni jike, ndama wa jana ni jike, tasa ni jike. Mi nikienda kununua nauliza kazaa mara ngapi, kama hajazaa kapandishwa lini na kwa dume au kwa mrija, na alizaliwa peke yake au pacha. Hilo la mwisho ndo nakuuliza na wewe.

mfugaji_mpya

Mtamba mkuu, hajawahi kuzaa. Na pacha NDIO, aliyeniuzia aliniambia mama yake alizaa pacha, dume na jike, akanisifia kabisa kwamba ni uzao wa mapacha hivyo na huyu nae atanizalia wawili wawili. Ndugu yake dume alibaki nae. Kwani inahusiana?

ZiziLetu

Inahusiana sana. Ngoja wataalamu waje ila jiandae kisaikolojia.

dakta_kwato

Inahusiana, na mhimilishaji angeuliza hilo swali moja tu asingekwambia usubiri.

Iko hivi. Ng'ombe akibeba mimba ya mapacha, mara nyingi makondo ya hao ndama yanagusana na mishipa ya damu inaungana, mapema tu, mwezi wa pili hivi wa mimba, wakati viungo vya uzazi vya ndama ndo vinaanza kujijenga. Kuanzia hapo damu inazunguka kwa wote wawili. Sasa kama mmoja ni dume na mwingine jike, korodani za dume zinaanza kazi mapema kuliko ovari, zinatoa homoni ambayo kazi yake ni kuzuia njia ya uzazi ya kike isijijenge ndani ya dume mwenyewe. Kwake iko sawa. Ila inavuka kwenye damu mpaka kwa dada yake na kumharibia yeye. Anazaliwa ana umbo la jike kwa nje, ndani ovari zimedumaa, mfuko wa uzazi haujakamilika, wakati mwingine hakuna kabisa shingo ya kizazi. Kitaalamu anaitwa frimatini. Katika majike 100 waliozaliwa pacha na dume, zaidi ya 90 wanakuwa hivyo, kwa hiyo aliyekusifia mapacha alikuuzia sifa iliyogeuka.

Kuhusu sindano, usihangaike. Ile inayotumika sana inafanya kazi kwa kuyeyusha kinyama kinachobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka, ndo mzunguko unaanza upya na joto linakuja. Kama ovari haijawahi kutoa yai hakuna cha kuyeyusha, unachoma maji tu. Na kwa faida ya wengine wanaosoma, usimchome hiyo mtamba ambaye hujahakikisha hana mimba, itaitoa.

Cha kufanya, ita daktari ampime kwa mkono kupitia nyuma. Kwa ng'ombe wa umri huo anayejua anachopapasa hahitaji dakika nyingi, anatafuta shingo ya kizazi na pembe mbili za mfuko, asipozikuta jibu umepata. Wewe mwenyewe mwangalie sehemu za nje, baadhi yao kisimi kinakuwa kikubwa kuliko kawaida na chini ya uke kuna shungi la nywele ndefu. Ila usimhukumu kwa nywele peke yake, wengine kwa nje hawana tofauti yoyote.

Mama Maziwa

Jamani msimtishe mwenzenu. Mimi nimefuga mapacha na wote wawili walizaa tena mmoja ndo alikuwa ananipa maziwa mengi kuliko wote zizini. Hizi habari za homoni kuvuka mi naona watu wanataka kumfanya auze ng'ombe mzuri kwa bei ya kutupa. Anaweza kuwa na joto la kimya tu, wapo wa hivyo, halii hapandi mwenzake, ukikosa kuamka usiku humuoni.

dakta_kwato

Mama shikamoo. Hao wako walikuwa majike wote wawili sivyo? Kama wote wamezaa basi ndiyo. Hapo hakuna shida hata kidogo, wanachangia damu lakini hakuna korodani ya kuvuruga mambo. Pacha wa jike na jike mfuge, dume na dume mfuge, kesi ni mchanganyiko tu. Na hata kwenye mchanganyiko wachache wanaponea kwa sababu mishipa haikuungana, ndo maana nasema apimwe kwanza asichinjwe kwa maneno yetu.

La joto la kimya unasema kweli na linawasumbua wengi. Mzunguko ni siku 21, unaweza kuwa 18 unaweza kuwa 24, na joto lenyewe ni saa 12 mpaka 18 tu, tena wengi wanapandana usiku na alfajiri wakati wewe umelala. Ila dume halali. Dume amemnusa akaondoka.

Mama Maziwa

Marahaba mwanangu. Ndiyo walikuwa majike wote. Haya apimwe basi, ila asiuze kabla.

kijana_wa_ndama

Naomba kuchomekea swali, mi nina ndama wa wiki mbili hali ni hiyo hiyo, pacha, mmoja dume mmoja jike. Hapa namjuaje mapema nisije kumlea miaka miwili bure? Na kama ndo huyo frimatini tumuite nani sasa, sio jike, sio fahali, maksai nae si mpaka ahasiwe 😂

dakta_kwato

Wiki mbili ndo umri mzuri kabisa. Inatumika fimbo nyembamba laini yenye ncha ya mviringo, safi, imepakwa cha kulainishia, inaingizwa taratibu ukeni kwa kuielekeza juu kidogo. Ndama jike wa kawaida inaingia sentimita 12 mpaka 15, mwenye tatizo inagota kwenye 5 mpaka 8. Usijaribu mwenyewe na kijiti cha mti, nimeona ndama kachanwa ndani na mwenye mali anasema alikuwa anapima. Na ukilazimisha ikipita utajidanganya kwamba ni mzima. Ukitaka uhakika zaidi kuna kipimo cha damu, wanatafuta chembe za damu zenye kromosomu za kiume ndani ya jike, zikipatikana ujue damu zilichanganyika.

Jina mwite utakavyo, ila kwenye hesabu zako mweke kundi la maksai. Ananenepa vizuri, hana habari za kupata mimba, mlishe umtoe kwa nyama akifika uzito. Wengine wanamuacha zizini kwa sababu baadhi yao wana tabia za dume, anapanda wenzake wenye joto na wewe unapata taarifa bila kufuga fahali.

ZiziLetu

Naongezea hapo kwa wanaotumia mirija, zile mbegu zilizochaguliwa jinsia zinapunguza sana hii shida. Zinatoa jike kama 90 kwa 100 hivi, kwa hiyo hata wakitunga wawili uwezekano mkubwa wote ni majike. Sio kinga kamili ila mi ndo natumia kwa mitamba. Kwa mbuguma situmii maana mimba inashika kwa shida zaidi kuliko mbegu za kawaida, na mtamba ndo anaishika vizuri.

mfugaji_mpya

Nimewaelewa, daktari anakuja wiki hii. Nimeenda kumwangalia sehemu za nje kama mlivyosema, shungi la nywele lipo, refu linadondoka kabisa, siku zote nalipita naona ni urembo wa manyoya tu. Sasa swali la mwisho, yule ndugu yake dume kakua, mwenyewe ananiambia nimchukue awe dume la mbegu anipandie hawa wengine. Nae atakuwa mbovu?

dakta_kwato

Kwa kawaida dume hadhuriki kwa kiasi hicho, korodani zake zinajijenga vizuri na wengi wanazalisha. Ila wapo ambao uzazi wao unakuwa hafifu, mbegu chache au dhaifu, na kwa nje anaonekana fahali kamili, anapanda kwa nguvu zote. Ndo dume wa hatari huyo, kwa sababu utaona amepanda, utahesabu miezi tisa, na baada ya siku 21 ng'ombe anarudi kwenye joto tena na tena mpaka uanze kuwalaumu majike. Usimchukue kabla mbegu zake hazijaangaliwa kwenye hadubini na korodani zikapimwa mzunguko wake. Akikataa apimwe endelea na mrija. Ukimwona ng'ombe ana joto asubuhi mhimilishe jioni, ukimwona jioni mhimilishe kesho yake asubuhi.

ZiziLetu

Na muulize pia kama kuna mtamba mwingine kwenye hawa wako alitoka kwa mama huyo huyo, asije kumpanda dada yake.

mfugaji_mpya

Yupo mmoja. Basi namuacha dume wake hukohuko.