Gari la umeme limenizimikia kwenye theluji, kisha naambiwa kosa ni langu

Ndugu wanajamvi,

Nimekaa siku 9 bila kuandika nikisubiri hasira ishuke, na haijashuka. Gari langu la umeme, ambalo niliuziwa kwa maelezo kwamba likijaa chaji linakwenda kilomita 420, lilizima barabarani usiku, nyuzi 14 chini ya sifuri, baada ya kilomita 231, na ndani ya hizo 231 kuna chaji niliyoongeza njiani. Kiti cha nyuma alikuwa amekaa mama yangu mzazi mwenye miaka 71 pamoja na binti yangu wa miaka 6. Tulisubiri saa 3 na dakika 20, kwa kuwa gari la namna hii halivutwi kwa kamba huku magurudumu yakizunguka, mota inaweza kuharibika. Ni lazima lije lori, lipakiwe zima zima.

Naeleza safari yenyewe hatua kwa hatua, kwa sababu mtu wa huduma kwa wateja ameshaniambia kwamba "huenda hukujiandaa". Safari ilikuwa ya kilomita 240. Nilichaji usiku kucha hadi asilimia 100, chaji ikajaa alfajiri, na tulipoondoka saa nane mchana gari lilikuwa limekaa nje kwenye baridi kwa saa nyingi. Dashibodi ilisoma kilomita 402. Hata hivyo nilipanga kusimama mara moja katikati ya njia, kwa tahadhari tu. Tulipomaliza kilomita 60 za kwanza, dashibodi ilikuwa imekata 113. Nilidhani nimesoma vibaya. Nikapunguza mwendo kutoka 110 hadi 90, nikapunguza joto la ndani, nikawasha viti vya joto, kwa sababu najua kiti kinakula wati chache ukikilinganisha na hita inayokula kilowati kadhaa.

Kituo cha kuchajia kilikuwa kilomita 150 kutoka tulikoanzia, chenye mashine 2. Moja ilikuwa na kioo cheusi kabisa. Nyingine ilikuwa nzima, lakini kifuniko cha tundu la chaji kwenye gari langu kilikuwa kimegandishwa na barafu, ikanibidi nivue glavu nikishikie kiganja mpaka kikaachia, na kebo ilikuwa ngumu kiasi kwamba niliisukuma kwa goti ili ifike. Mashine hiyo imeandikwa kilowati 50. Ilianza na 17 na haikuvuka 21. Baada ya dakika 25, huku magari mengine 3 yakisubiri nyuma yangu, dashibodi ilisema nina kilomita 117 na mimi nilibakiza 90. Nikachomoa. Niliiamini dashibodi, kwa sababu hakuna kitu kingine ambacho dereva wa gari hili amepewa cha kuamini.

Upepo ulikuwa unakuja mbele yetu na theluji mpya ilikuwa inalala juu ya lami. Namba ikaanza kushuka kwa kasi kuliko vibao vya barabarani. Zilipobaki kilomita 30 nilizima hita kabisa, na haukupita muda kioo cha mbele kikaanza kuganda kwa ndani, kwa pumzi zetu wenyewe. Nikawa naendesha kwa mkono mmoja, mkono wa pili nakwangua barafu kwa ukingo wa kadi ya plastiki, chembe zake zikiniangukia magotini. Mama akafungua vifungo vya koti lake akamwingiza mjukuu wake ndani. Hakusema neno. Kisha ikawaka alama ndogo ya kobe, maana yake gari limejipunguzia nguvu, na asilimia zikaruka kutoka 6 hadi 2 bila kupita 5, 4 wala 3. Nilipata nafasi ya kusogea pembeni tu. Zilikuwa zimebaki kilomita 9.

Sasa naomba niseme jambo ambalo wengi wataniwahi kulisema: ndiyo, betri zote hupungua nguvu kwenye baridi. Nalijua hilo, na baada ya usiku ule nalijua kwa undani zaidi kuliko muuzaji aliyenikabidhi ufunguo. Ndani ya betri ya lithiamu, ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, hupita kwenye kimiminika kinachoitwa elektrolaiti, na baridi hukifanya kimiminika hicho kizito, ukinzani wa ndani ukapanda, na volti ikaporomoka mapema kila unapokanyaga pedali. Nishati haijapotea, ila haitoki. Gari lilipolala gereji yenye joto usiku ule, asubuhi yake, kabla sijachomeka waya wowote, dashibodi ilisoma asilimia 4. Chaji ambayo ingetusogeza karibu na mlango wa nyumba, au ingetufikisha kabisa, ilikuwa mle mle ndani ya betri wakati mama yangu anatetemeka.

Kuchaji nako ni vivyo hivyo. Chini ya nyuzi sifuri, ukiingiza umeme mwingi kwa haraka, lithiamu inaweza kujipaka kama utando wa chuma juu ya grafaiti, sehemu ya betri inayopokea lithiamu wakati wa kuchaji, badala ya kuingia ndani yake, na hapo betri huharibika moja kwa moja. Kwa hiyo kompyuta ya gari hubana umeme unaoingia, hata kama mashine ina uwezo wa kutoa zaidi. Kompyuta hiyo hiyo hubana pia umeme unaorudi betrini unapopunguza mwendo, ndiyo maana kwenye miteremko yote ya siku ile sikurudishiwa karibu chochote. Hita nayo ina hesabu yake. Injini ya petroli hutupa zaidi ya nusu ya nishati yake kama joto, na abiria wanaota moto huo bila kulipia mafuta ya ziada, lakini mota ya umeme ina joto dogo sana la kutupa, hivyo umeme wa kupasha joto ndani unatoka betrini. Hita ya kilowati 4 ukiwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa inakula kilowati-saa 4 katika kila kilomita 100. Ukipunguza hadi 50 inakula 8, maana unakaa barabarani mara mbili. Wanaotuambia "endesha polepole" bila kueleza hilo wanatupa nusu ya ushauri. Na hewa yenyewe kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri ni nzito kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko kwenye nyuzi 20, kwa hiyo gari linaisukuma kwa nguvu zaidi.

Hakuna hata moja kati ya haya lililo siri, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kipimo cha WLTP, ambacho namba zake ndizo zinazobandikwa kwenye matangazo katika nchi nyingi, hufanyika maabara kwenye nyuzi 23, hita na kiyoyozi vikiwa vimezimwa. Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari 5 ya umeme kwenye takriban nyuzi 7 chini ya sifuri na kukuta kwamba hita ikiwashwa umbali unapungua kwa wastani wa asilimia 41, na bila hita ni asilimia 12. Chama cha wenye magari cha Norway, NAF, kinapima magari haya kwenye baridi kila mwaka na kuchapisha matokeo kwa majina ya magari. Januari 2024 dunia nzima iliona picha za magari ya umeme yaliyozimikia kwenye foleni za vituo vya kuchajia Chicago. Baada ya yote hayo, mtu anasimama mbele yangu na kuniuzia kilomita 420 bila kuongeza neno "kiangazi". Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nilipolalamika, nilijibiwa kwamba kitabu cha maelekezo kinasema umbali "unaweza kupungua kutokana na hali ya hewa". Kupungua kwa kiasi gani? Asilimia 5 ni kupungua na asilimia 45 ni kupungua, lakini kwa ya kwanza unafika nyumbani na kwa ya pili unalala njiani. Nikaambiwa pia kwamba nilipaswa kulipasha gari joto likiwa bado kwenye waya, na kwamba betri hujipasha yenyewe kabla ya kufika kituoni endapo kituo hicho kimewekwa kwenye ramani ya gari. Nilikuwa nimefuata ramani ya simu. Kwa hiyo gari halikujua kwamba linakwenda kuchajiwa, likaiacha betri ipoe, nami nikapewa kilowati 17. Siku ya kukabidhiwa gari nilifundishwa kwa dakika zaidi ya 40 jinsi ya kubadilisha rangi ya taa za ndani na kuunganisha muziki. Kuhusu ramani na betri sikuambiwa kitu.

Kinachoniuma kuliko yote ni hiki. Gari hili lina kipimajoto. Likihisi nje kumefika nyuzi 3, linapiga kengele na kunionya kwamba barabara inaweza kuteleza. Kipimajoto hicho hicho, ndani ya gari hilo hilo, hakikutumika kupunguza zile kilomita 402 mchana ule. Dashibodi ilikuwa inakisia kwa kufuata matumizi ya siku zilizopita, ambazo kwangu zilikuwa za joto la wastani na mwendo wa mjini, kana kwamba baridi ni habari isiyolihusu gari. Kumwonya dereva kuhusu utelezi wameweza. Kumwonya dereva kwamba hatafika, hawakuona haja.

Naandika haya bila nia ya kuwatisha watu na magari ya umeme, na nisingependa uzi huu ugeuzwe uwanja wa uvumi. Ule uvumi kwamba ukikwama kwenye foleni ya theluji utaganda ndani ya gari la umeme kabla ya wengine hauna msingi: gari likiwa limesimama na lina kilowati-saa 40, ukitumia kilowati 2 kwa joto unapata saa 20. Norway, nchi yenye baridi kali, mwaka 2024 karibu magari mapya 9 kati ya 10 yaliyosajiliwa yalikuwa ya umeme, na watu wanafika waendako. Wanafika kwa sababu wanajua gari lao linakwenda kilomita ngapi Januari, na kwa sababu mashine za kuchajia zipo nyingi, moja ikiwa mbovu kuna nyingine. Mimi nilikuwa na mashine moja nzima na namba ya uongo.

Nimeiandikia kampuni iliyoniuzia barua yenye picha za dashibodi na risiti ya kituo cha kuchajia. Nimetaka inirudishie gharama ya lori. Nimetaka iniandikie, kwa namba na siyo kwa neno "unaweza", umbali wa gari langu kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri hita ikiwa imewashwa, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Na nimetaka namba hiyo iandikwe kando ya ile ya 420, kwa herufi zenye ukubwa ule ule, pale mnunuzi anaposaini. Jina la kampuni nitaliacha nje mpaka wajibu, kwa kuwa nimewapa siku 14.

Kwenu ninyi mliokwishapita majira ya baridi na gari la umeme, naomba msiniandikie pole tu. Andikeni nyuzi zilikuwa ngapi nje, dashibodi ilisema kilomita ngapi mlipoondoka, mlikwenda ngapi kweli, hita ilikuwa imewashwa au la, na kama betri ilipashwa joto kabla ya kuchajiwa. Nitakusanya majibu hayo niyaambatishe kwenye barua yangu ya pili, kwa sababu mtu mmoja wanaweza kumwambia hakujiandaa.