Mkanda si kipimo: bondia gani alidumu kileleni muda mrefu zaidi?

Mleta mada: Wakuu, kila tukigusa hili, jina la kwanza kutajwa ni Joe Louis: bingwa wa uzito wa juu kuanzia Juni 1937 hadi Machi 1949, akautetea mkanda mara 25. Rekodi siibishii. Ninachobisha ni kuihesabu miaka yote hiyo kuwa ya kileleni. Kuanzia Aprili 1942 hadi Mei 1946 hakutetea ubingwa hata mara moja, muda mwingi alikuwa jeshini, enzi za Vita Kuu ya Pili. Desemba 1947 Jersey Joe Walcott akamdondosha mara mbili, na Louis mwenyewe akaanza kutoka ulingoni kabla matokeo hayajatangazwa. Majaji wawili wakampa Louis ushindi, refa akampa Walcott. Mkanda ukabaki kwake, ila yule Louis aliyemmaliza Max Schmeling raundi ya kwanza mwaka 1938 hakuwepo tena.

Sasa Sugar Ray Robinson. Alipigwa na Jake LaMotta Februari 1943, hakupoteza tena hadi Julai 1951, Randy Turpin alipomshinda kwa pointi London. Hapo katikati kuna mapambano 91. Na ubingwa wa dunia wa uzito wa welta (uzito ulio chini ya ule wa kati) aliupata Desemba 1946 tu, kwa hiyo alikuwa moto muda mrefu bila mkanda wowote. Kwangu ndiye namba moja. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, Bernard Hopkins umemruka makusudi? Bingwa wa uzito wa kati tangu 1995, akautetea mara 20. Mwaka 2008, ana miaka 43, akamfundisha ngumi Kelly Pavlik ambaye hakuwa amewahi kupigwa. Halafu Mei 2011, Montreal, ana miaka 46: kengele ya raundi ya saba inasubiriwa, mzee kashuka chini anapiga pushapu mbele ya Jean Pascal, kijana wa miaka 28! Akamvua mkanda. Robinson umri huo alishastaafu.

Mleta mada: Sijamruka. Tangu ammalize Oscar De La Hoya mwaka 2004, Hopkins hakushinda tena kwa KO, yaani kumwangusha mpinzani asiweze kuendelea, mpaka anatundika glovu. Kilichobaki ni ujanja: kukumbatia, kutanguliza kichwa, kuua kasi ya pambano. Na 2005 Jermain Taylor alimpiga mara mbili. Alidumu kwenye mchezo, sawa. Kileleni hapana.

Mchangiaji wa pili: Nani kasema ubora ni KO? Kumzuia kijana asirushe ngumi anazotaka ni kiwango pia, tena kigumu kuliko kuangusha mtu. Ila tuache hayo, nitumie kipimo chako mwenyewe, cha kutopoteza. Hopkins alipigwa na Roy Jones Mei 1993, akaja kupoteza tena Julai 2005. Miaka 12. Robinson wako ni minane na ushee.

Mleta mada: Miaka 12 yenye mapambano mangapi, ndugu yangu? Hayafiki hata 30. Robinson 91.

Mchangiaji wa pili: Kwa hiyo tumehama kwenye miaka, sasa tunahesabu mapambano?