Naomba ushauri: viwakilishi vya Kiingereza vikikutana na vihusishi, nani anamtawala mwenzake?

Mpenda_Insha

Wakuu, habari za muda huu. Naomba msaada wa wenye uzoefu na sarufi ya Kiingereza, maana jambo hili hunisimamisha kila ninapoandika barua au insha ya maana.

Kanuni niliyofundishwa ni fupi: kiwakilishi kikija baada ya kihusishi kama "to", "for" au "with", kinakuwa "me, him, her, us, them". Hapo sina shida. Lakini sentensi ikirefuka kidogo, kanuni hiyo hainitoshi. Nasikia wenye lugha yao wakisema "between you and I", tena watu waliosoma. Naona "each of them has" ilhali "them" ni wengi. Nikiandika "they with children", nasahihishwa kuwa "those with children" bila maelezo yoyote.

Je, kuna kitu kimoja kinachounganisha haya, au kila moja lina kanuni yake ya kukariri? Nielezeni kwa mifano, tafadhali.

Kirai

Karibu, ndugu. Kipo kitu kimoja: angalia kiwakilishi kimekaa upande gani wa kihusishi. Kikiwa baada yake, kihusishi ndicho kinachokitawala. Kikiwa kabla yake, kile kirai kinachofuata ni maelezo tu, hakina mamlaka juu ya kiwakilishi.

Tuanze na "between you and I". Hapo "between" inawatawala wote wawili waliokuja baada yake, na "and" haimwokoi yeyote. Sentensi inapita masikioni kwa sababu "you" haibadiliki umbo, basi tunafika kwenye "I" bila onyo. Kwa vihusishi vingine, mwondoe mwenzako usikilize: "They sent the letter to my sister and I" inabaki "to I", na hakuna anayesema hivyo. "Between" inataka wawili, kwa hiyo huwezi kumwondoa mmoja, wajumlishe. Utasema "between us", kamwe si "between we". Basi ni "between you and me".

Kwa nini wenyeji wanakosea? Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba utotoni wanakatazwa "me and my friend went", wanaambiwa waseme "my friend and I", nao wanalibeba hilo hadi mahali lisipohusika. Lakini si jambo la leo: hata Shakespeare aliliandika, katika barua ya mhusika wake Antonio. Pamoja na hayo, katika maandishi rasmi ya sasa litahesabiwa kosa.

Na wazo lenyewe si geni kwetu. Hatusemi "kwa mimi", tunasema "kwangu". Kihusishi kinamkunja kiwakilishi kwetu pia.

Mama_Sarufi

Kirai amesema vema. Naongeza kwamba wengine wakiogopa kuchagua kati ya "I" na "me" hukimbilia "myself": "Send it to my colleague and myself". Usifuate njia hiyo. Andika "me", ni sahihi na ni ya heshima vilevile.

Sasa "each of them has". Hapo una viwakilishi viwili. "Them" imetawaliwa na "of", kazi yake ni kutaja kundi, kisha imemaliza. Mwenye sentensi ni "each", naye ni umoja. Ndivyo ilivyo kwa "one of us is", na katika maandishi rasmi "neither of them knows". "Both of us are" ni wingi kwa sababu "both" ni wingi. "None" hukubali yote mawili. Ila "some", "most" na "all" hutazama kilicho nyuma ya "of": "some of it is", "some of them are".

Tena kuna jambo wanafunzi wangu hulisahau: mbele ya nomino unaweza kuacha "of", ukasema "most students" au "both the girls", lakini mbele ya kiwakilishi huwezi. Ni lazima "most of them", "both of them". "Most them" haipo.

Mpenda_Insha

Asante sana, mama. Hilo la "each" limeniingia. Bado "they with children". Kwetu tunasema "wale wenye watoto" na pia "sisi wenye watoto" bila shida yoyote.

Fundi_wa_Maneno

Mkuu, swali lako la tatu ndilo zito kuliko yote, na vitabu vingi hulipita haraka.

"He", "she", "it" na "they" humtaja mtu au kitu ambacho msomaji amekwisha kukijua. Ukisema "they", tayari umeshamaliza kumtambulisha. Kumfuatishia kirai cha kumchagua, kama "with children" au "in the corner", ni kumtambulisha upya mtu aliyekwisha kutambulishwa. Kiingereza hukataa. Kazi hiyo kimewapa wengine: "those with children", "the one in the corner", "anyone from the other class". Utakutana na "he of the long beard", lakini hiyo ina ladha ya kale. Usiiweke kwenye insha yako.

"We" na "you" wana uhuru zaidi: "we in this group", "you at the back". Anayesema na anayesemeshwa wako palepale, na kirai kinaonyesha tu mipaka ya kundi.

Halafu angalia kulinganisha, maana hapa ndipo Kiswahili kinatuponza. Sisi husema "mizizi ya mti huu ni mirefu kuliko ya ule", na "ya" pekee inabeba "mizizi" ya pili. Kiingereza hakina "ya" ya namna hiyo, kinahitaji kiwakilishi cha kushikilia kirai: "The roots of this tree are longer than those of that one". Ukiacha "those of", umelinganisha mizizi na mti mzima. Kwa umoja unaweka "that of".

Kalamu_Huru

Naomba nitofautiane kidogo na Kirai. Kilicho baada ya kihusishi si mara zote neno moja. Katika "Give it to whoever comes first", wengi huandika "whomever" kwa sababu ya "to". Lakini "to" imetawala kishazi kizima, na ndani yake "whoever" ndiye anayekuja, ndiye kiima. Ni "whoever".

Na mahali panapohusu upande au nafasi, "him" inaweza kumrudia kiima mwenyewe: "He looked behind him". Huhitaji "himself" hapo. Lakini "He looked at himself in the mirror" inaihitaji.

Kirai

Kalamu, nakubali kabisa kuhusu "whoever". Ni nyongeza ya lazima.

Mpenda_Insha

Nimewaelewa. Nipimeni kwa hili: nimeandika "It is harder for we who started late". Nimeweka "we" kwa sababu ndio walioanza.

Mama_Sarufi

Walioanza ni "who", mwanangu, na "who" ndiyo kiima cha "started". Kiwakilishi kilichogusana na "for" ni kingine, na hicho hakina kitenzi chake. Andika "for us who started late". Ukiona inakwaruza sikio, tumia "for those of us who started late": "for" imeishika "those", ambayo haibadiliki, na "of" imeishika "us".